Aliyeomba Kigari: Safari ya Kocha Casey Martin



Kila tarehe 9 Desemba tunawasimulia watoto habari za mwaka 1961, na ni wajibu wetu kuendelea. Leo tunaongeza simulizi moja ya hapa Marekani, tunapowalea watoto hawa. Ni habari za Casey Martin, mcheza gofu wa kulipwa aliyekuja kuwa kocha wa chuo kikuu.

Wengi wetu hatuchezi gofu, kwa hiyo tuanze na mchezo wenyewe. Uwanja una mashimo 18. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, kisha huendelea na shimo linalofuata. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Kuzunguka uwanja mzima ni mwendo wa kilomita 8 hivi. Wanaocheza kwa kujifurahisha wanaweza kupanda kigari, lakini katika mashindano makubwa ya kulipwa kanuni ilitaka kila mchezaji atembee.

Casey alizaliwa mwaka 1972 katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, akiwa na ugonjwa wa mishipa ya damu katika mguu wa kulia. Damu hairudi vizuri kuelekea moyoni, mguu unavimba na kuuma, na mfupa unadhoofika. Hata hivyo alikuwa na kipaji. Alipata nafasi Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 1994 timu yao ikawa bingwa wa vyuo vya nchi nzima. Msimu uliofuata alicheza timu moja na Tiger Woods.

Alipoingia gofu ya kulipwa, mguu ulikuwa umezidi kuharibika. Kutembea kungeweza kumvunja mfupa au kumsababishia kuvuja damu. Akaomba ruhusa ya kutumia kigari. PGA Tour, chama kinachoendesha mashindano hayo, kikakataa. Casey akaenda mahakamani, akitegemea sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990.

Chama kilidai kwamba kuchoka ni sehemu ya mchezo, na mwenye kigari atawapunja wenzake. Hata Arnold Palmer na Jack Nicklaus, vigogo wa gofu, walitoa ushahidi upande wa chama. Lakini ilionekana kwamba hata akiwa na kigari, Casey alilazimika kutembea zaidi ya kilomita moja na nusu kila mzunguko, na kwa mguu ule alichoka kuliko wenzake wanaotembea njia yote. Tarehe 29 Mei 2001, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki, majaji 7 kwa 2.

Vijana, hapa sikilizeni vizuri. Mahakama haikumpunguzia Casey pigo hata moja, wala haikumsogezea shimo. Kigari kilimfikisha kwenye mpira. Kuupiga ilibaki kazi yake. Kesi ikiwa bado inaendelea, mwaka 1998 alishinda mashindano ya Lakeland Classic, na mwaka huohuo akashika nafasi ya 23 pamoja na wengine katika U.S. Open. Mwaka 2000 alicheza daraja la juu kabisa, lakini hakudumu huko.

Mwaka 2006 akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, mjini kwao Eugene. Miaka 10 baadaye, vijana wake wakatwaa ubingwa wa nchi nzima, wa kwanza kwa chuo hicho katika gofu, tena kwenye uwanja wa mji wao wenyewe. Pointi ya mwisho ililetwa na Sulman Raza, kijana wa Eugene, baada ya mashimo ya nyongeza. Yule ambaye hakudumu kileleni alikuwa na mengi ya kuwafundisha wengine. Mguu wake haukupona. Ulivunjika mwaka 2019, na mwaka 2021 ukakatwa. Kazi ya ukocha akaendelea nayo.

Kwa nini tunayasema haya kwenye sherehe ya Uhuru? Kwa sababu wapo wazazi katika jumuiya zetu ambao mtoto wao hasikii vizuri, au herufi zinamchanganya, au hawezi kutulia darasani, nao wanaogopa kusema shuleni. Wanahofia mtoto atabandikwa jina, na watu watasema. Wahenga walituonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Shule ya umma hapa inalazimika kisheria kumpima bila malipo mtoto anayedhaniwa kuwa na ulemavu, na akikutwa nao, kumwekea msaada anaouhitaji. Andikeni barua, wekeni tarehe, bakini na nakala. Kiingereza kikiwa kigumu, ombeni mkalimani. Hilo nalo ni haki yenu, na mtoto asigeuzwe mkalimani wa kikao kinachomzungumzia yeye mwenyewe.

Wengine huuliza: mtoto akiongezewa muda wa mtihani, si anapendelewa? Muda huo ni kigari. Maswali atayajibu mwenyewe.

Nanyi watoto, mkimwona mwenzenu kwenye kiti cha magurudumu, au ana kifaa cha kumsaidia kusikia, msimcheke. Hujafa hujaumbika. Chezeni naye, na mkishindana naye, shindaneni naye kweli kweli. Yeye hataki kuachiwa ashinde.

Babu na bibi zetu hawakuuomba Uhuru kama sadaka. Waliudai kama haki, kisha wakaingia kazini, maana kazi ilikuwa nyingi. Mzazi atakayeandika barua ile kesho kutwa atakuwa amefanya kama wao, na mtoto wake ana kazi yake ya kufanya baada ya hapo.

 Heri ya Uhuru.