Mwenye Pipa Ndiye Mwenye Bei

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kabiro, baada ya ziara ya Dodoma



Nimeombwa niseme juu ya ziara ya Dodoma, mji wa divai. Naona wengine mmeshaanza kunong'ona: "Leo tunafundishwa pombe?" Hapana. Pombe hapa kwetu tunaijua vya kutosha. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Mukuru na mitaa ya karibu kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli. Mimi nataka tumwangalie mkulima wa zabibu, tujiulize ni nani anayepanga bei ya jasho lake.

Kutoka Nairobi unapita Namanga, Arusha, Babati na Kondoa. Siku hizi ni lami mpaka mwisho. Kipande cha Babati hadi Dodoma kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Dodoma ni nchi kavu. Mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hivi mpaka Aprili, na mahindi mara nyingi hukaukia shambani. Lakini mzabibu unaipenda hali hiyo. Wamisionari waliupanda Bihawana katika miaka ya 1950, na baadaye ukaenea katika mashamba ya wanavijiji. Kituo cha utafiti kiko Makutupora. Mkulima akipogoa mizabibu yake, baada ya miezi minne hivi anavuna, kwa hivyo anapata mavuno mawili kwa mwaka. Ulaya wanavuna mara moja tu, kwa sababu ya baridi.

Mtasema basi watu wa Dodoma ni matajiri. Ngojeni kwanza.

Zabibu haina subira. Ndizi unaweza kuikata mbichi ikaivia ndani ya nyumba. Zabibu ukishaikata haiivi tena, na kwa joto la kule, siku mbili tatu inaanza kuoza. Mnunuzi analijua hilo. Akikawia kidogo tu, mkulima mwenyewe atamfuata: "Chukua, nipe chochote." Zamani kulikuwa na kiwanda cha umma, DOWICO. Kiliposimama, wakulima walibaki na mizabibu yao bila mahali pa kupeleka mzigo. Viwanda vya watu binafsi vilikuja baadaye, lakini kilio cha soko kimerudi mara kwa mara. Zabibu ziko, jasho liko, mahali pa kuzitia hakuna.

Sasa wako waliopata njia. Wanazikamua zabibu wenyewe na kuhifadhi kinachotoka ndani ya matangi. Wenyewe wanakiita mchuzi wa zabibu, na wanauuzia viwanda vikubwa. Mchuzi uliotunzwa vizuri unakaa miezi. Mwenye nao anaweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo rudi nayo, kesho atakuja mwingine." Mwenye zabibu tupu hawezi kusema hivyo. Mashamba ni yale yale. Tofauti yao ni tangi.

Wala si Dodoma tu. Wageni wanaotembelea Bordeaux, mji wa Ufaransa unaojulikana dunia nzima kwa divai, hufika mtaa wa Chartrons, kando ya mto Garonne. Hapo ndipo wafanyabiashara walipokuwa na maghala yao. Mwenye shamba alikuwa na divai, lakini mapipa ya kuikomazia na chupa za kuitia vilikuwa kwa mfanyabiashara. Mwaka 1924 mwenye shamba mmoja, Philippe de Rothschild wa Mouton, aliamua divai yake yote itiwe chupani pale pale shambani. Akajenga na ghala kubwa.

Mtaniambia huyo alikuwa tajiri. Kweli. Basi tuwatazame wanyonge. Kusini mwa Ufaransa kuna kijiji kinaitwa Maraussan. Bei ya divai ilikuwa imeanguka, na mkulima mdogo hakuwa na la kufanya. Mwaka 1901 wakulima wa hapo walianzisha ushirika, na mwaka 1905 wakajenga nyumba yao ya matangi. Divai yao waliwauzia vyama vya ushirika vya wafanyakazi wa Paris, bila dalali katikati. Tangi ambalo mmoja hangeweza kulinunua, wengi walilijenga. Sisi tunaita harambee.

Turudi hapa Kabiro. Hatuna mashamba ya mizabibu, lakini somo hili mnalijua kuliko mimi. Mfereji ukikauka, ni nani anapanga bei ya mtungi wa maji? Mwenye tangi! Yeye hakuumba maji. Aliyatunza tu yalipokuwa yanatoka. Na mama mboga, ikifika saa mbili usiku nyanya zimeanza kulainika, nani anapanga bei? Ni mpita njia.

Vikundi vyetu vingi vina mzunguko. Kila mwezi mmoja anapewa, ananunua sufuria, ananunua blanketi. Si vibaya. Lakini miaka inapita na kikundi chenyewe hakina kitu hata kimoja. Mimi nasema tutenge sehemu ya kila mchango, hata ikiwa ndogo, kwa ajili ya pipa letu. Kwa wengine litakuwa tangi la maji. Kwa wengine ni ghala la magunia ya mahindi na maharagwe, yanunuliwe wakati wa mavuno bei ikiwa chini, wanachama wayapate kwa bei hiyo wakati wa njaa.

Lakini angalieni. Divai ikiingiwa na hewa inageuka siki. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu yanaota kuvu lenye sumu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi ya namna hiyo. Kwa hivyo ujuzi kwanza, ghala baadaye. Na funguo zisikae kwa mtu mmoja, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Ni kitu gani tunachouza kwa hasara kwa sababu hatuna mahali pa kukiweka?
2. Tangi au ghala tunalotegemea sasa ni la nani? Akilifunga kesho tutafanya nini?
3. Kila mwanachama akitenga kiasi kidogo kila wiki, pipa letu litapatikana baada ya miezi mingapi? Pigeni hesabu kabla ya kutawanyika.