Kuku wa Mama na Mchuzi wa Karanga

Jioni hii hatukuja kuzungumza habari za hesabu wala za sarufi, ingawa ndizo kazi zetu za kila siku katika chuo cha ualimu. Twataka kuwaelezeni jinsi tulivyojaribu kupika chakula kimoja cha marehemu mama yetu, na jinsi tulivyoshindwa mara tatu. Yamkini baadhi ya mabwana watasema kwamba mambo ya jikoni si ya mwanamume kuyatangaza. Na wavumilie kidogo, maana kisa chenyewe kilianza kwa mzee mwanamume aliyekataa kula.

Mama yetu alifariki mwaka jana, hapa Mpanda. Baba hakulia mbele ya watu. Aliwapokea wageni wote, akawashukuru, akawasindikiza hata njiani. Lakini walipokwisha kuondoka tuliona kwamba chakula chake chabaki sahanini. Akiletewa ugali na dagaa wa ziwani, hula matonge mawili, akanawa. Mshipi wake tuliutoboa tundu jipya, kisha tundu jingine. Tulimpeleka kwa daktari, naye hakuona ugonjwa. Mwezi wa tatu dada yetu akamwuliza, "Baba, watamani kula nini?" Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kuku wa mama yenu." Akaona haya mara moja, kama mtoto aliyeomba sukari.

Kuku huyo hakuwa wa siku zote. Aliliwa siku ya Krismasi baada ya Misa, na siku ya Pasaka, na mgeni mkubwa alipofika. Vipande vyake vilikaangwa hata vikawa rangi ya kahawa, navyo vikaletwa vimelala katika mchuzi mzito wa karanga, mwekundu kidogo kwa mawese. Sisi watoto tulikuwa na kazi zetu: mmoja kumkimbiza kuku, mmoja kumenya karanga, mmoja kutwanga. Lakini saa ya kutengeneza mchuzi Mama alitutoa jikoni sote, huyu atandike mikeka, huyu alete maji ya kunawa. Na asubuhi, tulipoosha vyombo, tulikuta sufuria zote chafu ila kikaango. Kikaango kilikuwa safi siku zote. Tulidhani Mama alikiosha usiku, wala hatukuuliza zaidi.

Hapa hatuna budi kueleza kwa nini mchuzi ule ulikuwa wa karanga, maana wageni hutuuliza. Pwani mpishi akitaka mchuzi mzito hukuna nazi. Katika majimbo ya kusini ya Marekani wapo watu wapikao kuku karibu sawa na wetu: humkaanga, kisha hutia unga wa ngano katika mafuta yaliyobaki, wakaongeza maziwa, wakakoroga hata ukawa mchuzi mweupe. Bibi yetu mzaa mama hakuwa na nazi, wala hakuwa na maziwa. Nchi yetu ni ya miombo, na miombo ni makao ya ndorobo. Mdudu huyo huwatia ng'ombe ugonjwa wa nagana, na watu ugonjwa wa malale. Kwa sababu ya malale, katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya katika makazi makubwa ambako msitu ulifyekwa. Bibi yetu alizaliwa katika makazi ya namna hiyo. Alituambia kwamba alikuwa msichana mkubwa alipoona ng'ombe kwa mara ya kwanza, naye alimwogopa kuliko fisi.

Basi aliyekosa ng'ombe alikamua karanga. Mmea huu si wa asili yetu: ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno baada ya mwaka 1500; wetu wa tangu zamani ni njugu mawe. Karibu nusu ya uzito wa punje ya karanga ni mafuta, na robo hivi ni ile sehemu ya chakula ijengayo mwili. Kwa hiyo unga wake ukikorogwa na maji huwa mweupe na mzito kama maziwa yenye siagi. Ajabu ni kwamba mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matrekta na pauni milioni nyingi, ili wapate mafuta ya kupikia huko kwao; na mwaka 1951 kazi hiyo ikaachwa kwa kuwa haikufaulu. Bibi yetu, ambaye hakukaa mbali sana na Urambo, alilima zake kwa jembe la mkono, akavuna.

Sasa turudi jikoni.

Mara ya kwanza tulifanya haraka. Tulinunua kuku wa kisasa sokoni, mafuta ya chupa, na karanga zilizosagwa tayari dukani. Kuku alikatikakatika kikaangoni, mchuzi ukawa mtamu kama peremende, maana karanga zile zilikuwa zimetiwa sukari. Baba alionja, akasema, "Asanteni wanangu, nimeshiba." Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi.

Mara ya pili tulipata kuku wa kienyeji, mtetea mzee aliyekoma kutaga. Tulimkata, tukamtia mafutani moja kwa moja. Nje aliungua, ndani alikuwa mgumu kama kamba ya gome. Baba ana meno machache. Alimnyonya kidogo, akamrudisha sahanini kwa adabu.

Ndipo tulipoanza kukumbuka kwa utaratibu, kama wanafunzi wanaorudia somo. Dada yetu alikumbuka kwamba Mama alichinja mapema, na kwamba harufu ya supu ilitangulia harufu ya kukaanga. Mmoja wetu akakumbuka ungo, vipande vya kuku vimepangwa juu yake, vimefunikwa kitambaa, nasi tukikatazwa kuvigusa. Kwa nini ungo? Tulilijibu swali hili wenyewe baada ya kuunguzwa mikono: kipande kilichotoka supuni kina maji, kikitiwa katika mafuta ya moto, mafuta hurukaruka, na nyama hutokota badala ya kukauka na kugeuka rangi. Ungo wapitisha hewa chini na juu. Mama hakusoma sayansi, lakini alijua jambo hilo.

Mara ya tatu, basi, tulifuata yote. Tulichemsha kwa moto mdogo, tukakausha unguoni, tukakaanga kwa mawese ya Kigoma. Tukatwaa sufuria safi, tukatengeneza mchuzi, tukautia kuku. Baba alikula kipande kimoja, akamaliza. Tulifurahi mno. Kisha akatazama bakuli, akasema, "Karibu." Hakuongeza neno. Tuliulizana usiku kucha, kama si karanga, na kama si chumvi, ni nini?

Majuma mawili baadaye mama yetu mdogo alikuja kutoka Inyonga kumwangalia shemeji yake, akaleta asali na mtetea mmoja. Tulimwomba apike. Akakataa, akasema, "Pikeni ninyi, mimi nitakaa." Akakaa juu ya kigoda, mikono mapajani, asitie neno tulipokata, asitie neno tulipokaanga. Dada yetu alipotoa kipande cha mwisho, akashika kikaango, akageuka kukipeleka kwenye maji. Mama mdogo akaruka kama kijana, akamshika mkono.

"Wapeleka wapi, mwanangu?"

"Nakiosha, Mama. Kimeshika masizi."

"Masizi! Huo ndio mchuzi. Nani aliyewafundisha kuumwaga?"

Wasikilizaji wetu, kosa letu ndilo hilo. Yale makoko ya rangi ya kahawa yaliyoganda chini ya kikaango tuliyaona kuwa uchafu. Nyama ikikaangwa, maji yake na chembe zake hushika chuma, zikaiva sana, na utamu wote hukusanyika hapo. Sisi tuliokwenda shule tuliuosha kwa sabuni mara tatu.

Wenye kupenda kuandika na watwae kalamu. Kuku mmoja mzima mwenye umri, amekatwa vipande vinane au kumi. Mchemshe kwa chumvi na kitunguu kimoja katika maji ya kumfunika tu, moto mdogo, muda wa saa mbili au zaidi, hata uma uingie pajani bila nguvu. Supu iwekwe kando, isimwagwe. Vipande vikae juu ya ungo muda wa saa moja. Karanga vikombe viwili zikaangwe kavu kidogo tu, hata ngozi itoke kwa kusuguliwa, zipepetwe, zitwangwe ziwe unga laini. Kaanga kuku katika mawese, vipande vichache vichache. Kisha punguza mafuta, bakiza kama vijiko vitatu. Katika kikaango kile kile tia kitunguu kilichokatwa, halafu unga wa karanga, ukoroge upesi usiungue. Mimina supu ya moto kidogo kidogo, huku ukikwangua chini kwa mwiko mpaka makoko yote yayeyuke. Uache uchemke polepole, usiufunike, maana karanga hufurika kama maziwa. Ukiona mafuta mekundu yanapanda juu, umeiva. Rudisha kuku, subiri kidogo, epua.

Neno moja la tahadhari kabla hatujaendelea. Karanga zenye ukungu, au zilizosinyaa, au zilizobadilika rangi, zitupwe. Asipewe hata kuku. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 1916 jambo hili lilikuwa bado halijulikani duniani, lakini mwaka 2016 tulilijua, na hata hivyo watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mama alichagua karanga punje kwa punje, nasi watoto tukamwona mchoyo wa wakati.

Basi, siku ile Mama mdogo aliposhika mkono wa dada yetu, mchuzi ulitengenezwa kikaangoni. Tukamwandalia Baba, tukakaa mbali kidogo tukijifanya twazungumza mambo ya mvua. Alikula kipande cha kwanza. Alikula cha pili, akaomba ugali uongezwe. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Alipomaliza alinyosha mikono ili anawishwe, kisha akairudisha.

"Kikaango kiko wapi?" akauliza.

Tulimjibu kwamba kiko jikoni, hakijaoshwa.

"Kileteni," akasema. "Na tonge moja la ugali. Ninyi mlipokuwa mkilala, mama yenu alikuwa akiniletea kikaango hapa, tukakifuta pamoja."

Dada yetu akaenda kukileta. Baba akasogea kando juu ya mkeka, akamwonyesha Mama mdogo mahali pa kukaa, akamega tonge katikati.