Mwenye Kioo Ndiye Mwenye Rangi



Mwezi Mei 2019 kundi la watengenezaji wa programu za GNOME, eneo-kazi la Linux, lilitoa barua ya wazi, likiwaomba wasambazaji wa Linux waache kuzivisha programu zao mandhari za kigeni, yaani rangi na maumbo yaliyobuniwa na watu wengine. Barua hiyo ndiyo iliyonileta hapa, maana hoja yake imekubalika upesi mno, hata madarasani mwetu.

Wanadai kwamba mandhari ya mtu wa nje huharibu kazi yao: maandishi meusi huangukia kitufe cheusi. Kweli, hutokea. Lakini hutokea pale mtengenezaji alipoandika rangi moja kwa mkono wake, ya pili akaiachia mandhari. Angezitaja zote mbili kwa majina ambayo mandhari huyapa rangi, zingebadilika pamoja. Kasoro ni ya msimbo wake. Wakasema pia hawamzuii mtumiaji kujibadilishia mwenyewe, wanawasema wasambazaji tu. Basi mbona libadwaita, maktaba ya sura ya programu za GNOME iliyotoka mwisho wa 2021, haijali mandhari aliyoichagua mtumiaji huyo huyo kwenye mfumo wake?

Kwamba mandhari ya mtu wa nje si lazima iharibu kitu, nawaombeni mtazame Winamp 2 ya 1998, programu ya kuchezea muziki. Ngozi yake, ndiyo mandhari yake, ni faili la zip lililobadilishwa jina likaishia na wsz. Ndani mna picha za BMP: main.bmp, upana pikseli 275, kimo 116, cbuttons.bmp yenye vitufe vya kucheza na kusimamisha, kila kimoja kimechorwa kikiwa kimetulia na kikiwa kimebonyezwa. Viscolor.txt ina mistari 24 ya namba tatu tatu, ndizo rangi za onyesho la sauti. Msimbo hamna hata mstari mmoja! Kijana mwenye Paint aliigeuza sura nzima, akaipakia, na wimbo haukukatika. Huwafungulia wanafunzi wangu ngozi hizi kila mwaka, na bado zinanisisimua.

Kubadili sura bila kukatiza kazi kuna maana kubwa zaidi kwa wengine: nilimfundisha binti mwenye uoni hafifu. Mchana, jua likiimulika maabara, alitaka maandishi meusi juu ya weupe; jioni macho yakichoka, alitaka kinyume chake. Programu ya takwimu tuliyotumia ilimlazimu kuifunga na kuifungua upya kila alipobadili, na data aliyokwisha kuichuja ikapotea. Kwake yeye mandhari haikuwa pambo.

Zana zetu zenyewe zinaruhusu kiasi gani? Katika GTK, zana ya kuundia madirisha ambayo programu za GNOME huitumia, faili la gtk.css analoliandika mtumiaji mwenyewe lina kipaumbele 800, la mtengenezaji 600. Mtumiaji anashinda, nami nashukuru. Ila faili hilo husomwa programu inapoanza tu. WPF, zana ya Microsoft ya kuundia sura za programu za Windows, ina njia zote mbili, ya kusoma mara moja na ya kufuata mabadiliko: StaticResource huitafuta rangi mara moja, DynamicResource huifuata kila inapobadilika. Tofauti ni neno moja, na wengi huandika lile la kwanza kwa mazoea.

Kuanzia muhula ujao, kila mradi nitakaousimamia utabadilishiwa mandhari dirisha likiwa wazi na fomu imejazwa nusu. Kilichoandikwa kikipotea, mradi unarudi kwa mwenyewe.