Kicheko cha Nyuma ya Darasa



Naanza kwa kukiri taksiri yangu. Miaka miwili iliyopita nilikwenda katika skuli moja ya sekondari kumkagua binti mmoja wa chuo chetu aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu, na katikati ya somo la fizikia, ambalo alikuwa amelitayarisha barabara, mvulana wa kidato cha tatu aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti ya upole kabisa, kama mwanamke anaweza kumfundisha mwanamume jambo lolote la maana. Na darasa zima, wakiwamo wasichana kadhaa, likaangua kicheko. Binti akaduwaa, chaki mkononi. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwa kijana yule, nikanyamaza. Kisha nikaandika katika fomu yangu kwamba mwalimu hajui kulidhibiti darasa, nikampunguzia alama. Izara ile haijanitoka hadi leo, nayo ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Baada ya vipindi nilimwita kijana faraghani nikamwuliza swali lake amelitoa wapi. Hakuona haya. Alinitajia watu wa mitandaoni kama mtu atajavyo masheikh waliomsomesha, wa kwanza wao Andrew Tate, bondia wa mateke wa zamani, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Uingereza, ambaye amekiri kwa kinywa chake kuwa anawachukia wanawake, na ambaye Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zilimfungia milango Agosti 2022, kabla hajakamatwa nchini Rumania mwishoni mwa mwaka ule kwa tuhuma za usafirishaji wa watu na ubakaji, tuhuma ambazo anazikana. Milango ilifungwa, lakini vipande vya maneno yake, vilivyokatwakatwa na mashabiki, vilikuwa vimekwisha kuenea. Kijana alinieleza juu ya wanaume alfa, yaani wababe wa kutawala wengine, na juu ya kumeza kidonge chekundu, msemo uliotolewa katika sinema ya mwaka 1999, na maana yake kwao ni kufumbuka macho ukawaona wanawake kuwa ni hila tupu. Alikuwa hodari wa somo hilo kuliko fizikia.

Mtasema kwamba simu ni marufuku katika skuli zetu nyingi za bweni. Ni kweli, na siku ya kufungua skuli masanduku hupekuliwa na magodoro hugeuzwa. Lakini neno halipekuliwi. Mvulana hwenda likizo na maswali yake juu ya ada, juu ya mwili wake unaobadilika, juu ya baba asiyezungumza naye, akatazama video moja ya kujenga misuli; na ile mashine ichaguayo video, isiyojua jema wala baya ila tu muda ambao jicho limetua, humletea ya pili inayohusu pesa, kisha ya wasichana wapendao pesa, na kabla likizo haijesha pesa na misuli vimetoweka, imebaki dharau. Muhula ukianza hurudi bwenini, akawa yeye ndiye simu ya wenziwe.

Wala sisemi kwamba dharau hii ilizaliwa na intaneti. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wakati hakuna mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa na simu mfukoni, wavulana wa skuli ya St. Kizito, Meru, walilivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 wakafa, na makumi wakabakwa. Kiongozi mmoja wa skuli aliwaambia waandishi wa habari kwamba wavulana hawakukusudia dhara, walitaka kubaka tu. Neno lile "tu" limenikosesha usingizi. Nililisikia tena mwanzoni mwa 2024, wakati maelfu walipoandamana Nairobi na miji mingine, tarehe 27 Januari, kuwalilia wanawake waliouawa, ilhali mitandaoni watu wakiuliza mmoja wa marehemu hao alifuata nini katika nyumba ya kukodi alimouawa.

Pwani yetu inakumbuka adabu nyingine. Mwimbaji Siti binti Saad alipokejeliwa sura yake alijibu kwa wimbo, hadharani, kwamba hoja ya mtu ni akili. Na katika wimbo wake "Kijiti" aliimba kisa cha mwanamke aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na mahakama ikawaadhibu wanawake waliotoa ushahidi. Naye Shaaban Robert, mwanamume aliyetukuzwa katika fasihi yetu, aliona ni jaha kuketi na kuandika wasifu wa mwimbaji huyo. Kijana wangu hakuwa amepata kuyasikia hayo hata siku moja. Sisi hatukumwambia.

Na insafu inatulazimu kukiri kwamba wavulana wana dukuduku la haki. Wanaona kazi hazipatikani na mahari yanapanda, na katika upweke ule mtu wa kwanza kumwita kijana mwanamume, kwa taadhima, ni mgeni amwuziaye masomo kwa ada ya kila mwezi. Skuli ile ilimpa yule mvulana viboko na kumrudisha kwao wiki mbili. Aliporudi alipokewa bwenini kama shujaa. Kilichokosekana ni mwanamume wa kuketi naye saa nzima, amsikilize hofu yake, kisha ambishie madai yake moja baada ya moja, bila ya kelele na bila ya kumwaibisha.

Nimemwandikia mwalimu yule kumwomba radhi, nami nimeomba alama zake zirekebishwe. Sasa anafundisha fizikia katika skuli nyingine. Nanyi walimu wanaume mtakaotoka katika ukumbi huu, kicheko kile kitakapozuka katika darasa la mwenzenu nanyi mpo, nawasihi msimwachie yeye peke yake: inukeni hapo mlipoketi, mseme.