Marufuku Isiyo na Kibao: Uegeshaji wa Magari juu ya Njia za Waenda kwa Miguu Jijini London

Sheria za kuegesha magari mijini ni za aina mbili: zile zinazotangazwa barabarani kwa vibao na mistari ya rangi, na zile zinazokaa vitabuni, ambazo dereva hutarajiwa kuzijua bila kukumbushwa. Mada hii inahusu aina ya pili, na inachukua kwa mfano kanuni ya jiji la London inayokataza gari kuegeshwa likiwa na hata gurudumu moja juu ya njia ya waenda kwa miguu, yaani ile sehemu iliyoinuliwa kando ya barabara na kutengwa na njia ya magari kwa ukingo wa mawe.

Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 15 cha sheria ya mwaka 1974 iliyoipa Halmashauri ya Greater London madaraka ya jumla. Halmashauri yenyewe ilivunjwa mwaka 1986, lakini marufuku haikufa nayo, na leo inasimamiwa na halmashauri za wilaya za jiji hilo. Inahusu pia ukanda wa nyasi ulio kando ya barabara, na haijali kama gari limepanda lote au limeinamia upande mmoja. Pale ambapo mtaa ni mwembamba mno, halmashauri inaweza kupitisha azimio la kuruhusu magari yapande, na hapo ndipo kibao huwekwa: cha rangi ya buluu, chenye herufi P na mchoro wa gari lililopandisha magurudumu ya upande mmoja kwenye ukingo.

Ugumu wa kanuni hii umo katika kibao hicho. Dereva amezoea kwamba kibao hukataza na kwamba pasipo na kibao pana ruhusa, kwa hiyo akishuka na kutazama juu na chini ya mtaa bila kuona onyo lolote, hufunga mlango na kwenda zake akiwa na amani moyoni. London imeligeuza jambo hilo, kwani kwa suala hili kibao ndicho kinachoruhusu, na kukosekana kwake ndiko kunakokataza. Hali ni hiyo hiyo kwa ukingo ulioshushwa, yaani pale mawe yalipolazwa chini ili kiti cha magurudumu kiweze kushuka na kuvuka, ambapo sheria ya usimamizi wa trafiki ya mwaka 2004 inakataza kuegesha mbele yake hata kama hakuna mstari wala alama.

Kinachozidisha utata ni kwamba marufuku hii ya jumla huishia kwenye mpaka wa jiji. Kanuni ya 244 ya mwongozo rasmi wa watumiaji wa barabara nchini Uingereza inasema kwamba ndani ya London dereva ni lazima asiegeshe juu ya njia ya miguu, ilhali kwingineko inamshauri tu asifanye hivyo. Nje ya London, ukiacha Uskoti, yamebaki makatazo machache, kama lile la malori yanayozidi tani 7.5, pamoja na sheria ya barabara ya mwaka 1835, iliyotungwa enzi za farasi na mikokoteni, ambayo inamtia hatiani anayeendesha juu ya njia ya miguu kwa makusudi. Lakini kuendesha si kuegesha: gari likikutwa limeshatulia juu ya mawe, si rahisi kuthibitisha ni nani aliyelipandisha.

Hata hivyo, si wote wanaopuuza kwa kutojua, na kundi linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni la wale wanaopanda ukingo kwa adabu. Mitaa mingi ya London ilijengwa kabla ya magari, nyumba zikiwa zimebanana pande zote mbili, na dereva anayepandisha magurudumu mawili huamini kwa dhati kwamba amewaachia wenzake nafasi na kwamba gari la zimamoto litapita. Wema huo ni wa kweli, ila nafasi anayoigawa si yake. Mtu asiyeona hupima njia kwa kupitisha fimbo nyeupe karibu na ardhi, na kioo cha pembeni cha gari kubwa kinaweza kuwa juu kabisa ya pale fimbo inapofika, hivyo kinachokigundua kwanza ni mkono wake au kifua chake. Mama mwenye kigari cha mtoto, akikuta nafasi iliyobaki kati ya gari na ukuta haimtoshi, hulazimika kushukia barabarani na kuwapa mgongo wanaotoka nyuma yake. Magari yakishaondoka, huacha vigae vilivyopasuka, kwa kuwa njia hiyo ilitandazwa kwa uzito wa miguu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili halipo mbali. Anayehamia Uingereza na leseni ya Tanzania au Kenya anaruhusiwa kuitumia kwa miezi 12 kabla ya kutakiwa kufaulu mtihani wa huko, na kwa kuwa amezoea kupita kushoto, barabara humkaribisha kama ya nyumbani. Kwa hiyo anaweza kuendesha mwaka mzima bila mtu yeyote kumuuliza kuhusu Kanuni ya 244, na somo lake la kwanza likawa notisi ya faini iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele.

Uskoti imeonyesha kwamba marufuku ya namna hii inaweza kuwa ya nchi nzima. Sheria yake ya uchukuzi ya mwaka 2019 ilizipa halmashauri uwezo wa kutoza faini kuanzia Desemba 2023, na Edinburgh ikatangulia tarehe 29 Januari 2024, kwa faini ya pauni 100 inayopungua hadi 50 ikilipwa ndani ya siku 14. London, ambayo marufuku inayo tayari, haihitaji kuitangaza kwa kuweka vibao vya katazo kila mtaa, kwani kila kibao kinahitaji nguzo, na nguzo husimama juu ya njia ile ile inayotetewa. Penye manufaa zaidi ni kwenye kibali cha maegesho, yaani hati ambayo wakazi wa mitaa mingi huomba kutoka halmashauri ili waruhusiwe kuegesha karibu na nyumba zao. Kanuni hii ikiandikwa hapo kwa sentensi moja, pamoja na orodha ya mitaa ya wilaya hiyo iliyoruhusiwa, dereva mgeni atakutana nayo kabla ya kukutana na faini.