Kaye ya mtoto inafundisha mwalimu
Maneno ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka



Komite iliniomba niseme namna gani mwalimu anaendelea kujifunza kazi wakati hakuna mtu wa kumfundisha. Nitasema yale tunaona darasani.

Hali munaijua. Tangu 2019, masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure, madarasa yalijaa. Na watoto wetu wenye wanarudi, kila mmoja anakuja na shule yake ndani ya kichwa. Mwenye alisoma kambini Nyarugusu alifuata programu ya Kongo. Lakini kuna wenye walikomalia vijiji vya Kigoma, wakasoma kwa Kiswahili pamoja na Watanzania. Wale wa Uganda walisoma kwa Kiingereza. Wote wanakaa banki moja na mtoto mwenye hajatoka Fizi hata siku moja. Sisi, wakati wa kusomea ualimu, tulifundishwa kutayarisha fishi na kujaza jurnali ya klasi. Neno hili hakuna mtu alituambia.

Niwape mfano. Kuna kijana mmoja wa mwaka wa ine. Kwa mdomo anahesabu vizuri. Sokoni huwezi kumdanganya chenji. Kwa kaye, sufuri kila siku. Mwalimu wake alifikiri kumrudisha mwaka wa pili, lakini mbele ya kufanya hivyo alileta kaye ku mkutano wetu wa walimu, siku ya posho. Tukaiangalia sote, ukurasa kwa ukurasa.

Kumbe kijana akiandika 1,500 anamaanisha elfu moja mia tano, juu kule alisoma mkato unatenga maelfu. Kwetu mkato unatenga desimali, basi mwalimu alisoma moja na nusu. (Kilo ya ndakala kwa franka moja na nusu! Wamama wanacheka, wako na haki.) Tena kugawanya. Sisi tunaandika namba ya kugawanya nayo upande wa kuume. Yeye aliandika 4 upande wa kushoto, na 84 ndani ya kile kinyumba. Mwalimu akasoma 4 kugawanya kwa 84. Jibu, 21, lilikuwa pale juu ya mstari, mahali mwalimu wa kwetu haangaliake.

Kijana alijua. Alijua kwa njia ingine. Mwalimu wake akamwita ku ubao aonyeshe njia yake, kisha akaweka ya kwetu pembeni, na darasa lote likaona jibu ni moja. Tangu siku ile, tukiwa na mtoto mugeni, tunamuuliza kwanza: «Nionyeshe namna ulifundishwa.» Biki nyekundu inangoja.

Haikumaliza yote. Mtoto huyo akikuta «septante» ndani ya ulizo la hesabu anasimama, hata kama anajua sabini ni nini. Tulijaribu kusoma ulizo kwa Kiswahili kwanza, watoto wanaelezana, ndipo tunaenda kwa Kifaransa. Kwa watoto wadogo inasaidia. Lakini wenzangu wa mwaka wa tano na wa sita wanakataa: mtihani wa mwisho uko kwa Kifaransa, na siku zinapita. Wako na haki, na mimi niko na haki. Hatujapatana, tunaendelea kujaribu na kulinganisha.

Ndugu wafadhili, sikatai seminari. Ila seminari ya siku tatu inafika na majibu yake tayari, na maulizo yetu hayamo. Ile ya mkato haikuwa ndani ya kitabu chochote tulichopewa.

Sasa shida yenyewe. Walimu wengi wangali wanangoja kuandikwa ku mshahara wa Serikali. Mtu anangoja, anachoka, anaenda kuchimba zahabu Misisi. Siwezi kumlaumu, watoto wake wanakula. Lakini akienda anaenda na yote aliyoyagundua darasani, na mwenye kumpokea anaanza tena na sufuri nyekundu. Kwa hiyo tumefungua kaye kubwa moja. Kila shida ya darasa inaandikwa, na kile tulijaribu, na kama kilisaidia ao hapana.

Komite iko na pesa kidogo, na leo mutachagua: bati za ofisi ya chama, ao pesa ya moto kwa walimu wa shule za mbali wafike ku mkutano posho mbili kila mwezi. Najua bati zinaonekana vizuri ndani ya picha. Mimi naomba pesa ya moto, pamoja na kaye na biki, kwa mwaka mmoja wa masomo. Kisha mutuombe hesabu: watoto wangapi tulitaka kuwarudisha nyuma, na wangapi walibakia darasa lao.

Kaye kubwa ni hii, itazunguka. Mwenye ako na mtoto mwenye anapata sufuri kila siku, alete kaye yake. Nitakuwa pale chini ya mwembe mpaka saa ya chakula.