Bwana Alimwuliza Baba wa Mtoto

Leo tunataka kusema na wazazi wenye mtoto kiziwi, au asiyeona, au ambaye masomo humwia magumu kuliko wenzake. Ninyi wengine msizime redio. Huenda jirani yenu ni mmoja wao.

Katika Injili ya Marko, mlango wa 9, twasoma habari za baba aliyemleta kwa Bwana Yesu mtoto asiyeweza kusema, aliyekuwa akianguka chini na kutokwa na povu. Wanafunzi walikuwa wameshindwa. Waandishi walikuwa wakijadiliana nao, na watu wengi wamekusanyika kutazama. Katikati ya kelele zile Bwana alimgeukia baba, akamwuliza mtoto amekuwa katika hali hiyo tangu lini. Baba akajibu kwamba ni tangu utotoni, akaeleza jinsi mtoto alivyoanguka mara nyingi motoni na majini.

Je, Bwana hakujua? Alijua. Lakini aliuliza. Waandishi walikuwapo, watu wa elimu, wala hakuwauliza wao. Alimwuliza yule aliyekesha na mtoto usiku na kumtoa motoni kwa mikono yake mwenyewe.

Tunajua wako wanaoishika sura hii na kusema kwamba kila ulemavu ni pepo. Hayo siyo tunayohubiri. Katika Yohana 9, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, Bwana aliyakataa yote mawili. Mzazi asiambiwe tena neno hilo katika kanisa lolote.

Sasa tuje kwetu. Hapo zamani watoto hawa walipata shule kwa mkono wa makanisa. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona kule Thika mwaka wa 1946, na upande wetu twajua St. Lucy ya wasioona pale Igoji, na shule ya viziwi ya Kaaga. Kisha mwaka wa 1984 serikali, ikisaidiwa na Denmark, ilianza kufungua vituo vya kupima watoto. Mzazi humpeleka mtoto huko, walimu waliofundishwa kazi hiyo wakamwangalia masikio, macho, na namna anavyojifunza. Mwisho huandika karatasi: huyu aende shule maalum, huyu akae katika kitengo maalum cha shule ya karibu, huyu abaki darasa la kawaida lakini asaidiwe hivi na hivi. Shuleni nako mwalimu hutakiwa kumwandikia mtoto mpango wake mwenyewe wa masomo, kisha baada ya muda uangaliwe upya ionekane kama umemfaa.

Kuangalia upya huko ndiko tunakotaka kukusemea, mzazi mwenzetu. Wengi wetu hupanda gari siku ya kupimwa, tukapata karatasi, tukashukuru Mungu, na habari ikaishia hapo. Mtoto wa bweni hupelekwa siku ya kufungua na kuchukuliwa siku ya kufunga. Kikao kikifanyika katikati ya muhula, sisi tuko kwenye kahawa au kwenye majani chai, na walimu huamua peke yao. Lakini mtoto hukua! Aliyepimwa akiwa na miaka 6 si yule yule akiwa na miaka 10. Kile kifaa cha kusikia pengine kimekuwa kidogo sikioni, au betri imekwisha na hakuna aliyesema.

Hebu tuchukue mfano. Mwalimu ameandika kwamba mtoto hawezi kuhesabu, arudie yale yale mwaka mwingine. Nyumbani mtoto huyo huyo ndiye huwafungia mbuzi jioni, na mmoja akikosekana hujua mara moja, tena hujua ni yupi. Mwalimu ataona wapi jambo hilo? Yeye humwona mbele ya ubao tu. Mama akinyamaza, mtoto atapoteza mwaka mzima. Mama akisema, mwalimu mwema atatafuta njia ya kuanzia pale palipo na mbuzi. Neno hilo moja la mama laweza kubadilisha mpango wote.

Basi nenda. Usingoje barua, maana barua nyingine hukaa mfukoni mwa mtoto mpaka likizo. Chukua kadi ya hospitali na ile karatasi ya kwanza. Uliza hivi: muhula uliopita mlisema atajifunza kuvaa viatu mwenyewe, au kusoma maneno haya, je, ameweza? Kama hajaweza, mtabadilisha nini? Swali hilo si la ugomvi, na mwalimu anayependa kazi yake hulifurahia. Karatasi ikiwa ni ya Kiingereza, mwombe akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kimeru au Kiembu ikiwa anakijua, na usitie sahihi jambo usilolielewa. Omba nakala, uiweke pale unapoweka hati ya shamba.

Wala usidhani unaombaomba. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu, na kutumia lugha ya ishara au maandishi ya nukta nundu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imeweka katika bodi ya shule mtu wa kusimamia wenye mahitaji maalum, na viti 3 vya mdhamini. Mdhamini wa shule nyingi huku kwetu ni nani kama si kanisa? Wazee wa kanisa mnaoketi katika viti hivyo, ulizeni katika kikao kijacho ni wazazi wangapi walioitwa.

Neno kwa akina baba. Kuna msemo mbaya nyumbani kwetu, kwamba mtoto akifaulu ni wa baba, akiwa na ulemavu ni wa mama yake. Katika Marko ni baba aliyekuja, akasimama mbele ya umati, na hata akalia kwamba imani yake haitoshi. Na kama nauli ni shida, akina mama wa kanisa waweza kuchanga, tena mmoja wao aende naye. Mtu wa pili husikia yale ambayo mzazi mwenye wasiwasi hayasikii.

Wale wazazi wa Yohana 9 waliitwa pia mbele ya wakubwa. Walisema walichokijua, kwamba huyu ni mwana wetu na alizaliwa kipofu, halafu wakaogopa kutengwa, wakasema aulizwe mwenyewe, yeye ni mtu mzima. Walisema kwa hofu, lakini kuna kweli ndani yake. Mtoto naye aulizwe. Kama ni kiziwi, awepo mtu wa kumfasiria ishara zake. Na wewe mzazi jifunze ishara, hata kumi za kuanzia, ili likizo isiwe miezi ya ukimya mezani.

Shule zitakapofunguliwa, kabla hujatoka langoni, mwulize mwalimu wa darasa siku ya kikao.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemsikiliza baba yule katikati ya kelele, enenda na mama atakayeondoka alfajiri kwenda shuleni kwa mtoto wake. Umpe maneno, na uwape walimu masikio. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.